Kabichi isiyoliwa na viwavi: maabara ipo, dukani haipo

SWALI linalorudi mara kwa mara katika maduka ya pembejeo, kuanzia Kahama hadi Katoro, ni hili: ile mbegu ya kabichi isiyoliwa na wadudu, ile ya GMO, imefika? Jibu ni fupi. Haijafika, na hakuna nchi ambako inauzwa dukani. Anayekuonyesha pakiti na kukuapia kuwa ndiyo yenyewe, anakuuzia mbegu ya kawaida kwa bei ya maneno.

Hata hivyo swali lenyewe si la kijinga. Kabichi ya namna hiyo imekwisha kutengenezwa, ikapandwa katika mashamba ya majaribio, na viwavi wakafa. Mwenye mtaji mdogo anayefikiria kukodi ekari mbili bondeni ili alishe machimbo ana haki ya kujua kwa nini bidhaa iliyofanya kazi haijapata duka, na kama inafaa kuisubiri.

Tuanze na soko. Kabichi ni mboga ya kambi. Inavumilia safari ya lori kwenye barabara mbaya, inakaa siku kadhaa bila barafu, na kichwa kimoja kinalisha watu wengi. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu pale Kakola ukafuata mwaka 2001. Buzwagi, Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na ukafungwa 2021. Ukiongeza wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu, unapata maelfu ya watu wanaokula ugali kila siku na kulipa taslimu. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika madini nazo zimeitaka migodi mikubwa itangulize bidhaa na huduma za wenyeji. Ndiyo maana kila mwenye shamba karibu na maji anaona kabichi kama dhahabu ya kijani. Tatizo ni kwamba dhahabu hii inaliwa kabla ya kuvunwa.

NONDO NA MVUA

Mlaji mkuu ni mdudu mdogo, nondo wa kijivu asiyefika hata sentimita moja na nusu, mwenye alama za pembe mgongoni ambazo zimewafanya wataalamu wamwite nondo mgongo-almasi. Anataga mayai kwenye majani, na viwavi wake wa kijani wanatoboa jani hadi linafanana na chekecheke. Hachagui sana: kabichi, chainizi, sukuma wiki, figili, koliflawa, wote ni ukoo mmoja na wote ni chakula chake. Kwenye joto kama la Shinyanga kizazi kimoja hukamilika kwa wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo zao moja la kabichi linapitiwa na vizazi kadhaa.

Mfanyabiashara anayefuatilia bei atatambua jambo hapa. Mvua kubwa huwaangusha viwavi na kuwaua. Wakati wa kiangazi, kabichi inapomwagiliwa, nondo hustawi, mzigo hupungua na bei hupanda. Masika yanapofika viwavi hupungua, lakini huingia uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria unaoanza na doa la njano lenye umbo la V ukingoni mwa jani, mishipa ikageuka myeusi, na kichwa kikaozea ndani. Huenea kwa matone ya mvua, na husafiri ndani ya mbegu. Kichwa kinachoonekana kizima kikipakiwa kwenye Fuso kinaweza kufika Kakola kikiwa kinanuka. Basi mkulima ana hasara mbili za misimu tofauti, na mbegu isiyoliwa na viwavi ingetibu moja tu. Wauzaji wa matumaini hawalitaji hili.

Hasara ni kiasi gani? Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2005 uliona kwamba nondo huyu alikuwa akichukua wastani wa asilimia 31 ya mavuno ya kabichi. Tuiweke katika hesabu ya mfano. Ekari yenye vichwa 10,000 inapoteza vichwa 3,100. Kila kichwa kikiwa sh. 500/- shambani, hiyo ni sh. 1,550,000/-. Weka na dawa: ukipulizia mara kumi, na kila mara dawa na kibarua vikakugharimu sh. 40,000/-, ongeza sh. 400,000/-. Jumla inakaribia milioni mbili kwa ekari. Hiyo ndiyo fedha ambayo mbegu mpya ingekuja kuigombania.

BAKTERIA NDANI YA JANI

Udongoni kuna bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Alitambuliwa Japani mwaka 1901, kisha akaelezwa na kupewa jina hilo Ujerumani mwaka 1911. Hutengeneza chembe za protini ambazo kiwavi akizila, utumbo wake hutoboka, akaacha kula na kufa. Binadamu, kuku na nyuki hawadhuriki nazo. Wafaransa walianza kumuuza bakteria huyu kama dawa ya kupulizia mwaka 1938, na hadi leo dawa za namna hiyo zipo madukani. Udhaifu wake ni kwamba jua huiharibu baada ya siku chache na mvua huiosha.

Wazo la uhandisi jeni ni jepesi kulieleza ingawa si jepesi kulitenda. Badala ya kupulizia protini juu ya jani, unachukua jeni ya bakteria inayoitengeneza na kuiingiza ndani ya kabichi, ili jani lenyewe liwe na protini hiyo kila siku. Kiwavi akiuma, ameumia.

Shida ni kwamba nondo huyu ni mwanafunzi mwepesi. Mwaka 1953, huko Java, alitajwa kuwa mdudu wa kwanza wa mazao kuizoea DDT. Mwaka 1990 taarifa kutoka Hawaii zilionyesha kwamba ameanza kuwa sugu hata kwa dawa ya Bacillus thuringiensis mashambani, jambo ambalo wengi waliamini haliwezekani. Mmea wenye jeni moja tu ungemfundisha haraka zaidi, maana angekuwa darasani saa 24. Kwa hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliweka jeni mbili tofauti katika mmea mmoja wa brokoli, ambayo ni ndugu wa kabichi, wakafuga nondo juu yake kizazi baada ya kizazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba baada ya vizazi 24 usugu dhidi ya mmea wa jeni mbili ulikuwa umecheleweshwa sana kuliko dhidi ya mimea ya jeni moja moja. Mdudu anayeponea mlango wa kwanza anakutana na wa pili.

Kuna wadudu ambao protini hii haiwagusi kabisa. Vidukari, wale wadudu mafuta wanaonyonya utomvu, hawafi. Uozo mweusi, kama tulivyoona, ni habari nyingine, na hakuna kabichi ya uhandisi jeni ya kuuzuia iliyofika sokoni. Mkulima angebaki na bomba lake la kupulizia mgongoni, ila kwa siku chache zaidi.

KWA NINI IKAKWAMA

Brokoli ya Cornell ilikuwa ya maabara. Jaribio la kufanya biashara lilikuja na mradi ulioitwa CIMBAA, ambao jina lake refu lilizitaja Asia na Afrika pamoja. Ndani yake walikuwamo kampuni ya mbegu ya Nunhems na Kituo cha Kimataifa cha Mboga cha Taiwan, kile kile ambacho kimekuwa na tawi lake Tengeru, Arusha, tangu mwaka 1992. Mpango ulikuwa kutengeneza kabichi na koliflawa zenye jeni mbili, Cry1B na Cry1C, zianze India na baadaye ziwafikie wakulima maskini wa nchi nyingine. Mimea ilifanya kazi. Februari 2010 Serikali ya India ilisimamisha bilinganya yenye jeni ya namna hiyo hiyo ilipokuwa mlangoni mwa soko. Baada ya hapo mradi wa kabichi ulisimama bila mkulima hata mmoja kuuziwa mbegu.

Mtu wa biashara atauona ukweli mwingine chini ya siasa hizo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba kampuni kubwa zilitumia wastani wa dola milioni 136 kuitoa jeni moja mpya kutoka maabara hadi kuruhusiwa sokoni, zikiwamo gharama za vipimo na vibali. Kwa mahindi, soya au pamba fedha hiyo inarudi, kwa sababu mamilioni ya hekta hununua mbegu kila mwaka. Kabichi inahitaji gramu mia moja na kitu tu za mbegu kwa ekari, na mashamba yake ni vipande vidogo vilivyotawanyika. Nani atailipa milioni 136 kwa vipakiti vya gramu 25? Sayansi haikuwa kikwazo hapo. Kikwazo kilikuwa daftari la hesabu.

Tazama ukoo wenyewe wa kabichi uone fedha ilikoelekea. Kanola, zao la mafuta na binamu wa kabichi, ina mbegu za uhandisi jeni Kanada tangu mwaka 1995, lakini ni za kuvumilia dawa ya magugu. Mwaka 2023 kampuni ya Pairwise ilianza kuuza Marekani majani ya haradali yaliyohaririwa jeni, safari hii ili kupunguza ukali wa ladha. Mla saladi tajiri alipatiwa dawa yake kabla ya mkulima mwenye viwavi.

Bilinganya ilipata njia nyingine Bangladesh. Iliruhusiwa mwaka 2013, na Januari 2014 wakulima 20 walikabidhiwa miche. Tofauti ni kwamba taasisi ya umma ya utafiti ndiyo iliyobeba mzigo, na mkulima aliruhusiwa kutunza mbegu. Anayetegemea kabichi ya namna hii ifike Afrika Mashariki aangalie kama kuna serikali iliyo tayari kulipa. Kampuni peke yake haitalipa.

SHERIA YETU

Tanzania ina Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009. Kanuni hizo ziliweka dhima kali: anayeingiza zao la uhandisi jeni analipa madhara hata kama hakuzembea. Mwaka 2015 zililegezwa kwa ajili ya utafiti, na Oktoba 2016 mahindi ya kuvumilia ukame yakapandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio hayo yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufutwa kwa majaribio ya namna hiyo nchini. Hakuna mbegu ya uhandisi jeni iliyowahi kuruhusiwa kuuzwa kwa mkulima wa Tanzania, ya kabichi wala ya zao lingine.

Majirani wana njia zao. Kenya iliruhusu pamba yenye jeni ya Bacillus thuringiensis Desemba 2019 na kuipanda mwaka 2020. Hapa Shinyanga, ambako pamba ni mshahara wa familia nyingi na funza wa vitumba anajulikana kwa jina, habari hiyo iliwafanya wengi waulize kwa nini si sisi. Kabla ya kuuliza tena, tuiangalie Burkina Faso. Nchi hiyo ilianza kulima pamba ya namna hiyo kibiashara mwaka 2008. Funza walipungua, dawa zikapungua, wakulima wakafurahi. Nyuzi zikatoka fupi kuliko za mbegu ya zamani, wanunuzi wa nje wakaona, na sifa ya pamba yao ikashuka. Kuanzia mwaka 2016 kampuni za pamba zikairudia mbegu ya kawaida. Mdudu alishindwa shambani, na mnunuzi akashinda ghalani. Kabichi nayo ina mnunuzi wake: anataka kichwa kigumu, kizito, kisichopasuka njiani. Jeni nzuri ndani ya kabichi inayopasuka haina soko Katoro.

NANI ANGEFAIDIKA

Turudi kwenye ekari yetu ya mfano, maana hapa ndipo mwenye mtaji hukosea. Leo anauza vichwa 6,900 kwa sh. 500/-, anapata sh. 3,450,000/-. Tuseme mbegu imekuja na kila mtu ameipanda. Vichwa vyote 10,000 vinafika sokoni kutoka kila shamba, na bei inashuka hadi sh. 350/-. Mapato yake ni sh. 3,500,000/-. Ameongeza sh. 50,000/- tu, pamoja na kile alichookoa kwenye dawa. Aliyenufaika zaidi ni mchimbaji anayekula na mama lishe anayempikia, na mwenye Fuso anayelipwa kwa kichwa. Faida kubwa ya mkulima ni ya msimu wa kwanza au wa pili, wakati jirani hajaipata mbegu.

Hili si la kubuni. Utafiti ule wa Kenya ulipima njia nyingine ya kumdhibiti nondo huyu na ukakuta kwamba zaidi ya nusu ya faida ingekwenda kwa walaji. Njia yenyewe inastahili kutajwa, kwa sababu haikuhitaji mbegu mpya wala kibali cha jeni. Kituo cha ICIPE cha Nairobi kilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, anayetaga yai ndani ya kiwavi na kumla kutoka ndani. Mwaka 2002 aliachiliwa katika milima ya Taita. Watafiti walikadiria kwamba kila dola moja iliyotumika katika mpango huo ingerudisha dola 24. Nyigu huyo anapenda baridi ya milimani. Kwa nchi za joto, ICIPE ilitafuta mwingine, Cotesia, kutoka Afrika Kusini, na kwa hali ya hewa ya Geita na Shinyanga huyu wa pili ndiye wa kuulizia.

Nyigu hawa wana adui mmoja mkubwa, naye ni mkulima mwenye bomba. Dawa kali inayoua kila kitu inaua nyigu kwanza. Nondo sugu anabaki, na mkulima anaongeza kipimo. Wapo wanaochanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja na kupulizia juzi ili wavune leo. Kabichi inang'aa, haina tundu, na inapata bei kuliko yenye matundu mawili ya kiwavi. Soko letu linamlipa anayetia sumu na kumkata bei anayengoja. Mwandishi huyu, akiwa mezani kwa mama lishe, anaichagua yenye matundu.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Neno linalowapotosha wengi ni chotara. Mbegu zenye alama ya F1, kama Gloria F1 inayofahamika kwa wakulima, ni chotara: zao la mzazi mume na mke waliochaguliwa na kukutanishwa kwa uchavushaji wa kawaida. Si GMO. Baadhi ya machotara huvumilia uozo mweusi kuliko mbegu za zamani kama Copenhagen Market, lakini hakuna asiyeliwa na viwavi. Pakiti iwe na lebo ya TOSCI na tarehe. Ukitunza mbegu za chotara msimu wa pili utapata kabichi za kila umbo.

Anayekopesha mkulima au kununua zao likiwa shambani aulize mambo yanayogusa fedha yake. Shamba hilo lilikuwa na kabichi au chainizi msimu uliopita? Kama ndiyo, uozo mweusi unaweza kuwa unangoja kwenye mabaki, na miaka miwili ya mahindi au maharage ingekuwa salama zaidi. Kitalu kilitoka wapi? Mbegu yenye mashaka huweza kuwekwa kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 hadi 30 kuua bakteria, lakini ni kazi ya mwenye kipimajoto. Kuzidisha nyuzi chache ni kuua mbegu yenyewe. Dawa ya viwavi ni ipi, imesajiliwa na TPHPA, na lebo inasema usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna? Yenye Bacillus thuringiensis hupuliziwa jioni, viwavi wakiwa wadogo, na hubadilishwa na dawa ya aina nyingine kabla nondo hajaizoea.

Mnunuzi wa jumla naye, kabla ya kupakia, akate vichwa vitatu vinne katikati kutoka pembe tofauti za shamba. Pete nyeusi kwenye kikonyo maana yake mzigo uuzwe Kahama siku hiyo hiyo. Usiupeleke Geita.